Harufu Ndani ya Kiota

"Huyu si wangu," Mtafiti alisema bila kuinua macho kutoka kwenye sahani. "Nimekwambia wewe, nimemwambia Mkurugenzi, na hao wa jopo wakija nitawaambia. Mtoto wangu namjua."

Inspekta aliinama kuitazama sahani ile ya kioo. Ndani yake, kwenye maji ya rangi ya waridi, kilielea kipande cha ngozi cha ukubwa wa kiganja, kimekunjamana pembeni kama jani lililosahauliwa juani. Ngozi ile haikutoka mwilini mwa mtu. Ilioteshwa humu humu, ghorofa ya tatu, seli zikipandwa juu ya kiunzi cha nyuzi za hariri mpaka zikashikana na kuwa kitu kimoja. Mama huyu mwenye miwani ya kamba alikuwa ametumia maisha yake yote ya kazi kufika hapo. Mchana wa leo jopo la wakaguzi lingekuja. Likiikuta ngozi hai, ingeruhusiwa kujaribiwa kwa wagonjwa walioungua. Likiikuta imekufa, chumba kingefungwa na kupewa mtu mwingine.

Na kilichokuwa kwenye sahani kilikuwa kimekufa. Hilo hata Koplo, aliyesimama nyuma na daftari lake, aliliona.

"Inspekta, kwa heshima zote," Mkurugenzi alisema mlangoni, simu mkononi. "Tishu hufa. Hapa msiba ni kila wiki. Mimi sikuita polisi, ameita yeye."

"Nimeshafika, mzee. Nikiondoka na jibu hutapungukiwa kitu."

Mkurugenzi aliangalia simu yake, akaondoka.

"Mama," Inspekta alisema, "nifunulie."

Mtafiti alisugua viganja vyake kwanza, taratibu, kama mtu anayeota moto. Ndipo akavaa glavu.

"Mbona unasugua?"

"Mazoea. Hapa hapokei mtu kitu kilicho hai kabla hajapasha mikono. Ndiyo sheria ya kwanza ya chumba hiki. Kila aliyepita kwangu anaijua, hata akisahau mengine yote."

Kifuniko kilipoinuka, Inspekta alishusha barakoa akanusa. Akanusa tena.

"Koplo, sogea. Harufu hii umekutana nayo wapi?"

Koplo alisogeza pua, akairudisha haraka. "Mochwari, afande. Wakaniambia ukitoka humo husikii njaa siku nzima. Uongo mtupu, nilikula sahani mbili."

"Fomalini," Inspekta alisema. "Dawa ya kuhifadhia maiti. Kitu kilichokufa usiku wa kuamkia leo hakinuki hivi."

Mtafiti alibaki ameshika kifuniko hewani. "Mimi sisikii kitu. Pua yangu ilishakufa kwa dawa hiyo, nimeishika tangu nikiwa msichana." Kisha akageuka ghafla, akafungua kabati la ukutani. Ndani kulikuwa na safu za chupa zenye vipande vya ngozi vya zamani, vile vilivyoshindwa, kila kimoja na mwaka wake. Wenyewe waliita rafu ile makaburini. Chupa moja ya nyuma ilikuwa na dawa tupu.

"Wa mwaka juzi," Mtafiti alisema kwa sauti ndogo. "Katolewa huyu, kaoshwa, kawekwa kwenye sahani ya mwanangu. Nilisema si wangu! Huyu nilimkata pembe ili nijue upande wa juu. Siku hizi sikati, nashona uzi wa buluu."

"Nimekuamini tangu uliposema mara ya kwanza. Sasa nionyeshe alikolala."

Alikolala kulikuwa ndani ya kabati la chuma lenye mlango wa kioo, mfano wa friji ndogo, ila humo joto ni la mwili wa mtu, usiku na mchana. Watu wa maabara waliliita kiota. Chini yake lilikuwa beseni la maji, la kuwapa unyevu waliomo. Rafu ya juu ilikuwa na sahani ndogo ndogo za seli za majaribio. Rafu ya kati ilikuwa tupu, ila karatasi ya gundi ukingoni iliandikwa MKASI. Rafu ya chini ndiyo ilikuwa ya ngozi.

"Hizi za juu nazo zikoje?"

Mtafiti alichukua moja, akaiweka chini ya hadubini. Kisha ya pili. Alipofika kwenye ya tatu aliondoa jicho kwenye lenzi. "Wamekufa. Wote. Na si uchafu, maana maji hayajawa manjano wala hayana ukungu. Sijawahi kuona wote wakaenda pamoja."

Inspekta alipiga goti mbele ya beseni. Ndani ya beseni kulikuwa na mstari mweusi wa kalamu, na maji yalikuwa chini ya mstari ule, mbali kabisa. Kioo cha mlango kilikuwa na michirizi kama kioo cha bafuni.

"Hili hujazwa lini?"

"Kila jioni, na mimi mwenyewe. Najaza mpaka kwenye mstari, napangusa kiota chote kwa spiriti, mpaka vitufe, nafunga. Jana pia."

"Na rafu ya Mkasi?"

"Daktari huyo alihamisha wake jana alasiri. Nilifurahi, nikapata nafasi."

Inspekta alisimama akijipangusa magoti. Alimwambia Koplo akifunike kitufe cha joto kwa mfuko safi wa plastiki, mtu asikiguse, na awaite watu wa alama za vidole. Kisha akawatazama wote wawili.

"Habari ya beseni ni yetu sisi watatu. Mtu akiuliza, semeni ngozi imeoza."

Daktari wa chumba cha pili aliitwa Mkasi kwa jinsi alivyokata maneno ya watu katikati. Alitengeneza vipande vya mifupa ya bandia, vyeupe, vyenye vitundu kama sifongo, na alikuwa amevipanga dirishani mahali ambapo mgeni yeyote angeviona kwanza.

"Karibu, Inspekta. Kiti hicho mguu wake mbovu, kaa hiki. Pole kwa—"

"Asante. Wenye funguo za—"

"Tatu. Yeye, mimi, na binti anayenisaidia maabara. Zamani alikuwa wake. Wanamwita Kifungua Mimba, maana ndiye mwanafunzi wa kwanza wa Mtafiti. Mwaka jana alimkimbia akaja kwangu kwa—"

"Kwa ugomvi?"

Mkasi alipepesa macho. Hakuzoea kukatwa yeye.

"Kwa kuchoka. Unafanya kazi miaka, makala inatoka, jina lako linawekwa mkiani. Nani angebaki? Siku hizi wakipishana kwenye ngazi kila mtu anatazama ukuta wake. Mimi simsemi vibaya binti wa watu, lakini kama unatafuta mtu mwenye ufunguo na kinyongo..." Alifungua viganja, kama muuzaji anayekuachia mwenyewe uchague.

"Jopo likiikataa ngozi, chumba kinakuwa cha nani?"

"Changu. Sijifichi, kila mtu anajua. Mifupa yangu iko tayari."

"Ulihamisha sahani zako jana."

"Kiota changu kilikuwa kwa fundi. Kimerudi, nikarudisha wanangu nyumbani. Kuna kosa?"

"Hakuna. Kilirudi jana?"

"Wiki iliyopita. Sikupata wasaa."

Inspekta alitikisa kichwa polepole. "Mama amepata pigo. Ngozi imeoza."

"Nimesikia. Ni mtaalamu, siwezi kumnyima haki yake. Lakini mwambieni apumzike sasa. Supu haiwezi kurudi kuwa ng'ombe." Akacheka mwenyewe. Koplo naye akacheka, kisha akaona uso wa mkubwa wake, akafunga mdomo.

Kifungua Mimba walimkuta kwenye chumba cha kuoshea vyombo. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya chini, koti jeupe limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni, na chini ya koti kulikuwa na sweta. Madirisha yalikuwa wazi na Koplo alikuwa anajipepea kwa kofia.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba, mdogo wangu. Huna joto?"

"Nina homa kidogo."

Alikaa ukingoni mwa stuli, mgongo umenyooka, jasho likimetameta juu ya mdomo. Koplo alimpa glasi ya maji, akakataa kwa ishara. Alipopita karibu naye kuirudisha, mkono wa binti ulipanda wenyewe ukakinga kifua.

"Uliingia chumba cha Mama leo asubuhi?"

"Nina ufunguo wa chumba cha Mama."

"Sijauliza una nini."

Inspekta aliacha kalamu idondoke. Ilibingirika mpaka kwenye kiatu cha binti, ikakaa. Kifungua Mimba aliitazama kalamu, akamtazama Inspekta, hakuinama.

"Samahani, afande. Mgongo."

"Pole. Homa, na mgongo. Na bado unamwita Mama?"

"Ndiyo jina lake."

"Hata kama hamsalimiani?"

"Kutosalimiana ni jambo moja." Alifuta jasho juu ya mdomo. "Afande, jopo likikaa nitajibu kila utakachouliza. Mbele yao. Si kabla."

Nje, kwenye korido, Koplo alikuwa ameshafika mwisho wa kesi. "Huyu ndiye, afande. Ufunguo anao, kinyongo anacho, homa ya uongo anayo. Tumchukue, twende tukale."

"Wewe na tumbo lako. Hebu nijibu. Yule aliyeweka maiti kwenye kiota alikuwa mtu wa kazi hii au mpita njia?"

"Wa kazi hii. Alijua makaburini kuna nini."

"Mtu wa kazi hii anajua mvuke wa fomalini unaua seli. Ataiingizaje ndani ya kiota chenye sahani za watu?"

Koplo alijikuna shingo. "Labda hajali."

"Au alijua humo hakuna tena cha kuua. Amefungua mlango, amekuta joto la tanuri, za juu zimekwisha. Ndipo akaweka maiti. Kwa hiyo aliyeweka siye aliyepandisha joto. Tuna watu wawili, Koplo, na mmoja wao ametoka na ngozi. Mtu hachukui kitu kilichokufa akaacha kingine kilichokufa mahali pake. Alichokichukua kilikuwa kizima."

"Sasa kiko wapi? Viota vya jengo zima nimepekua, hata kile cha wale wa panya. Kuna mmoja nusura aning'ate."

Inspekta alirudi kwa Mtafiti.

Mtafiti alikuwa amekaa mbele ya kiota kilicho wazi, mikono mapajani. Inspekta alivuta stuli.

"Mama, ngozi hii ikitoka kiotani inaishi?"

"Ikipoa imekwisha."

"Na kama nataka kuitembeza? Kutoka jengo hili mpaka lile?"

Mama yule alicheka kwa mara ya kwanza siku hiyo, kicheko kifupi cha puani. "Umenikumbusha ujana. Nilianza na utando wa ndani ya ganda la yai, hata hariri sikuijua. Halafu ngozi ya samaki. Watu walinikimbia kwa harufu, nikawa nakula peke yangu. Wakati huo kiota kilikuwa jengo moja na hadubini jengo jingine, na umeme ulikatika walipopenda wenyewe. Basi unahamishia kwenye chupa bapa, unakaza kifuniko, unaifunga kifuani kwa kitambaa, juu ya ngozi yako mwenyewe. Unatembea wima kama bibi harusi. Ukiinama umeikunja, na ikikunjika inachanika kwenye kiunzi."

"Kifuani."

"Ndiyo kiota cha kwanza, mwanangu. Hakihitaji umeme."

"Nani anajua?"

"Wanafunzi wangu nimewasimulia, wakacheka. Mkasi alisema ni uganga wa kienyeji. Aliyewahi kubeba kweli ni..." Alikoma. Aliutazama mlango wa korido, kisha akautazama mkono wake. "Ni wa kwanza tu. Tulibeba kwa zamu."

Jopo lilikuwa limeshaingia getini Inspekta alipowakusanya kwenye chumba cha mikutano. Mkurugenzi alisimama karibu na saa ya ukutani. Mkasi alikuwa amekaa, mguu juu ya mguu. Mtafiti alikuwa upande mmoja wa meza na Kifungua Mimba upande wa pili, wote wawili wakitazama kuta zao.

"Kwa kifupi," Mkurugenzi alisema. "Tafadhali."

"Kwa kifupi. Jana jioni Mama alijaza beseni mpaka kwenye mstari. Leo maji yamepungua kama sufuria iliyosahaulika jikoni. Mtu alipandisha joto la kiota alfajiri, akarudi baadaye kulishusha ili lionekane halijaguswa. Alisahau maji. Kwenye rafu ya juu seli zote zimekufa. Kwenye rafu ya chini kulikuwa na ngozi. Rafu ya kati pekee ndiyo haikupoteza kitu, kwa sababu mwenyewe alihamisha wake jana. Kiota chake kilirudi kutoka kwa fundi wiki iliyopita, akakosa wasaa mpaka jana hiyo hiyo. Mtu huwahamisha watoto mapema akijua nyumba itawaka."

"Hizo ni dhana tu," Mkasi alisema. "Mimi nimesikia kama wengine kwamba ngozi—"

"Imeoza. Ndivyo tulivyomwambia kila mtu. Wewe ukaniambia supu. Kitu kilichooza, Daktari, nani anakiita supu? Supu ni kitu kilichopikwa."

Koplo aliguna.

"Ulikuwa ni utani tu."

"Inawezekana. Basi kitufe cha joto kitatusaidia. Kimefunikwa, na watu wa alama za vidole wako kwenye ngazi."

"Alama zangu zitakuwepo! Nilikuwa nakitumia kiota kile mwezi mzima, nani asiye—"

"Mama hukipangusa kwa spiriti kila jioni. Mpaka vitufe. Jana alipangusa wewe ukiwa umeshahama."

Mkasi aliutazama mlango. Alishusha mguu wake chini.

"Hayo yote sawa," Mkurugenzi alisema, na sauti yake ilikuwa imepungua ukubwa, "lakini jopo halikaguzi vitufe. Linataka ngozi hai."

Inspekta alimgeukia mwanamke aliyefungwa vifungo mpaka shingoni. "Mdogo wangu. Jopo liko kwenye ngazi. Anayetaka kumuua tunaye hapa, na Koplo amesimama mlangoni, na Koplo hapenyeki. Unaweza kushusha mzigo."

Kifungua Mimba alimtazama Koplo, akamtazama Mkasi. Polepole, mgongo bado umenyooka, alifungua kifungo cha kwanza, cha pili, cha tatu. Alifungua sweta. Juu ya kifua chake, kwenye kitambaa cheupe kilichofungwa msalaba, ilikuwepo chupa bapa ya kioo. Maji yake yalikuwa ya waridi safi. Ndani kulikuwa na kipande kilichotulia, kimenyooka, na pembeni kina uzi wa buluu.

Mtafiti aliinuka. Kiti chake kilianguka nyuma, hakuna aliyekiokota.

"Nilipita asubuhi kumwangalia kabla ya jopo, nikakuta namba za joto zinapanda," Kifungua Mimba alisema, akiongea na chupa kuliko na watu. "Za juu zilikuwa zimeshakwenda. Sahani yake ni kubwa, maji mengi, joto lilikuwa halijamfikia vizuri. Nikamtoa. Nikasikia mtu kwenye korido, sikumwona. Nikajua akikuta pengo atamtafuta. Nikaweka wa makaburini, aamini kazi yake imekwisha."

"Mbona hukuniambia?" Ndiyo yalikuwa maneno ya kwanza ya Mtafiti kwake kwa muda mrefu, na yalitoka kwa ukali asioukusudia.

"Ningekwambia, Mama, ungemrudisha kwenye kiota kile kile chenye funguo tatu. Na uso wako haujui kuficha. Ungetabasamu, na aliyemtaka angejua."

Inspekta alikohoa kidogo. "Hilo la uso ni kweli."

Nyayo zilisikika koridoni, na sauti za watu wanaoonyeshwa njia. Mtafiti alizunguka meza, akanyoosha mikono yote miwili.

Kifungua Mimba alirudi nyuma hatua moja, akakinga chupa.

"Pasha kwanza, Mama."

Mtafiti aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akaanza kusugua viganja, akasugua kwa nguvu, na machozi yakamshuka bila yeye kuacha kusugua. Alipomaliza aligusa shavu la binti kwa nyuma ya vidole, kupima.

"Vipi?"

"Sasa sawa."

Chupa ilipita kutoka kifua hadi kiganja. Mtafiti aliiinua mkabala na dirisha, akaitikisa kidogo sana, akautazama uzi wa buluu ukicheza na ngozi ikicheza nao.

"Mzima," alisema. "Mzima kabisa. Twende tukamweke chini ya hadubini. Wewe ndiye utakayewaeleza."

"Mimi? Ni kazi yako."

"Na jina lako litaanza. Funga koti, wageni wamefika."

Walitoka pamoja, binti akitembea wima kwa mazoea ingawa hakuwa na kitu tena kifuani. Mkurugenzi aliwafuata mbio, akitengeneza tai. Inspekta alimwonyesha Mkasi njia ya upande wa pili, ile ya ngazi za nyuma.

Koplo alimshika mkono kumwongoza, akashtuka, akamtazama mkubwa wake.

"Afande, mikono yake ni barafu tupu."

"Usijali," Inspekta alisema. "Huyu hatumpi kitu cha kubeba."